Oksimita, kibuyu chirizi na pweza wa bamvua

Mwaka 2020, wakati wa korona, wodini kwetu hapa Mtwara tulikuwa na oksimita moja, ile ya kubana kidoleni kupima oksijeni kwenye damu. Usiku mmoja ilimsoma mzee mvuvi, mweusi tii kama mimi, asilimia 93. Namba hiyo wala haitishi. Lakini nilipomwamkia shikamoo, marahaba yake ilikatika katikati, na mabega yalipanda kila alipovuta pumzi. Tuliamini macho, tukamwekea oksijeni.

Desemba mwaka huohuo watafiti wa Marekani walichapisha jambo lililonikumbusha mzee yule. Oksimita hupitisha mwanga kwenye ngozi, na kwa wagonjwa Weusi upungufu wa oksijeni uliipita bila kuonekana karibu mara tatu kuliko kwa Wazungu. Ubaguzi wa namna hii hauhitaji mtu mwenye roho mbaya. Unatosha mkononi mwa nesi mwema anayeamini namba.

Ushauri wetu nao ulikuwa umeshonwa kwa kipimo cha mwingine. Kaa mbali na mwenzio, katika chumba cha watu sita? Nilihimiza kila nyumba iwe na kibuyu chirizi cha kunawia mikono, tena kwa sauti kuliko wenzangu wote, nisiulize nani atakijaza. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 17. Kwenye nyumba moja nilimkuta kaka mtu kainamia redio, anafuata kipindi cha hesabu. Dada yake wa darasa la sita alikuwa anaingia na dumu la lita 20 kichwani, safari ya tatu asubuhi hiyo.

Halafu kuna siku 14 za kujitenga. Mimi wa mshahara ningekaa ndani na mwisho wa mwezi ungefika vilevile. Akina mama wanaochokoa pweza kwa miguu hutegemea bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, si maji mafu yanayokupwa kidogo, na bamvua huja kila wiki mbili hivi. Ukimfungia mama siku 14, umemnyang'anya bamvua nzima, na pweza mwenyewe bei ilishashuka kwa kuwa mahoteli ya Ulaya yalifungwa.

Mmoja wao, ambaye mumewe alikuwa akiumwa, aliniuliza: “Nesi, hizo siku zako zinaanzia bamvua au maji mafu?”

Nikamjibu kwamba siku 14 ni siku 14.

Siku ya tatu mwezi ulikuwa mpevu. Maji yalipokupwa nilimwona mwambani, ufito mkononi, barakoa ikining'inia shingoni.