Breki kulia, breki kuisha

Pikapu ikipiga kelele pale dereva anapokanyaga breki, abiria wa kwanza kufungua mdomo atasema, "Breki zimeisha hizo." Hapa Tanga nimeyasikia maneno hayo Ngamiani, nimeyasikia Chumbageni, na nimeyasikia kwa fundi ambaye hata tairi hajaivua. Mwenye gari anatumwa dukani, ananunua pedi, vile vipande vinavyoibana diski ya chuma inayozunguka na tairi, zinafungwa, na kesho yake kelele ni ileile. Hapo ndipo anaambiwa kwamba pedi ni feki.

Maana yenyewe ni fupi. Breki kuisha ni lainingi kulika, lile tabaka gumu lililogandishwa juu ya bati la pedi, au juu ya breki shuu, inayofanya kazi ya pedi kwa tairi za nyuma zenye dramu badala ya diski. Pedi mpya huwa na lainingi ya milimita 10 hivi. Zikibaki 3, badilisha. Kulika huko kunapimwa kwa macho. Breki kulia ni mtetemo: pedi inaishika diski, inaiachia, inaishika tena, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, ikatoka sauti nyembamba kama kidole kilicholowa maji ukikizungusha kwenye ukingo wa glasi. Pedi iliyotoka kwenye boksi leo inaweza kulia. Iliyobakiza wembamba wa karatasi inaweza kunyamaza mpaka siku chuma kinapokutana na chuma.

Watu wanachanganyikiwa, na siwalaumu sana, kwa sababu upo mlio mmoja ambao kweli unatangaza kuisha. Pedi nyingi zina kijibati cha chuma pembeni, kimekunjwa kuelekea kwenye diski. Lainingi ikibaki milimita 2 au 3, kijibati kinaanza kuigusa diski na kupiga filimbi. Kimewekwa makusudi kikusumbue. Mara nyingi utakisikia gari likitembea tu, na ukikanyaga breki sauti inabadilika au inakata kabisa. Nimeshaona kijibati hicho kimekatwa kwa msumeno wa chuma, gari likarudishwa kimya kabisa, na mwenyewe akalipa na kushukuru.

Milio mingine yote ya kulia ina visababu vyake, na kwa mji wa pwani kisababu cha kwanza ni chumvi. Diski ni chuma kilichoachwa wazi, hakina rangi wala mafuta. Gari likilala Raskazone usiku wa mvua, asubuhi diski imevaa kutu nyekundu. Breki tatu nne za mwanzo zitakwaruza, kisha kimya. Hiyo usiivulie tairi.

Pikapu zinazobeba samaki kutoka soko la Deep Sea zina shida kubwa zaidi, maana maji ya matenga yanachuruzika chini safari nzima. Kalipa, kile kifaa kinachoshika pedi na kuzibana, inatakiwa iteleze kwenye pini zake ili ibane diski pande zote mbili sawasawa. Pini zikiota kutu kalipa inagoma, na pedi ya ndani inalika peke yake huku ya nje ikibaki nene. Fundi anachungulia kupitia matundu ya rimu, anaiona ya nje, anasema bado nzima. Dawa yake ni kuzitoa pini, kuzisafisha na kuzipaka grisi ya breki, ile inayostahimili moto na isiyodhuru mpira. Grisi ya kawaida inavimbisha raba za pini, na baada ya muda kalipa inakwama vibaya kuliko mwanzo. Na tafadhali, grisi yoyote isifike kwenye uso wa pedi. Kelele itakwisha, kweli, na gari halitasimama.

Halafu wapo wanaoshuka na mzigo wa mboga kutoka Lushoto hadi Mombo wakiwa wamekanyaga breki mteremko mzima. Lainingi inaungua juu, uso wake unakuwa mgumu na unang'aa, na kuanzia hapo inalia kila ukigusa pedeli. Kama haijapasuka na unene upo, piga msasa kidogo mpaka mng'ao utoke, safisha diski, kisha endesha na usimame taratibu mara kadhaa, bila kukanyaga mpaka tairi ziache kuzunguka na kuburuzika, ili nyuso zizoeane. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wa kompresa, lowesha, futa. Na safari nyingine shuka na gia ya pili.

Sasa kusaga. Hili ndilo lingestahili ile hofu tunayoimwaga kwenye kulia. Kusaga ni sauti nene, unaisikia na mguu pia, kupitia pedeli. Lainingi imekwisha na bati la pedi linaila diski. Hapo hakuna "nitapitisha wiki hii", hasa ukiwa umepakia machungwa ya Muheza mpaka juu ya kingo za bodi. Diski iliyochimbika inaweza kuchongwa kwenye mashine ikiwa baada ya kuchongwa itabaki nene kuliko kipimo cha chini kilichogongwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa chini ya hapo, inabadilishwa, kulia na kushoto pamoja. Cha ajabu ni kwamba mlio huu ndio watu huuvumilia. Wanasema "inakwaruza kidogo tu."

Lipo kwaruzo moja lisilo na kosa. Kwenye barabara za kokoto, kijiwe hunasa kati ya diski na bati la kukinga vumbi nyuma yake, na kelele inakuwepo hata mguu ukiwa mbali na breki. Unakitoa, unakunja bati kidogo lisiguse, unaendelea na safari. Kugonga mara moja ukitoka rivasi kwenda mbele mara nyingi ni vibanio vya pedi vilivyopotea siku ya matengenezo. Mvumo unaobadilika ukikata kona ni wa beringi, hauhusiani na breki hata kidogo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukifika gereji usianze na "breki zimeisha". Mwambie fundi ni tairi ipi, kama ni ukikanyaga au usipokanyaga, na kama inalia au inasaga. Mwombe avue tairi akuonyeshe pedi ya ndani na ya nje kabla hajakutuma dukani. Hatakasirika. Na akikasirika, gereji Tanga ni nyingi.