Voie verte: maana ya njia isiyo na magari katika misitu ya Ufaransa

Anayepanga safari ya baiskeli nchini Ufaransa hukutana na neno voie verte kabla hajafunga mzigo. Liko kwenye ramani, kwenye vibao vya njiani, kwenye vipeperushi vya ofisi za utalii. Kwa Kiswahili ni "njia ya kijani", na hapo ndipo wengi hupotea, maana mtu hudhani kijani ni kile cha miti, kwamba kila njia inayokatiza msitu ni voie verte. Sivyo. Kijani hapa ni cheo cha kisheria. Ziko voie verte zinazofuata mifereji na kupita katikati ya mashamba ya mizabibu pasipo na kivuli hata cha kujificha jua, na ziko barabara ndani ya msitu mnene ambamo malori ya magogo hupita humo humo na wewe.

Maana hii iliingizwa katika sheria ya barabarani ya Ufaransa mwaka 2004. Voie verte ni barabara iliyotengwa kwa vyombo visivyo na mota, watembea kwa miguu na wapanda farasi. Utaitambua kwa kibao cha mraba cha buluu chenye picha nyeupe za watu na baiskeli, pengine na farasi. Inapoishia, kibao hicho hicho hukatwa kwa mstari mwekundu. Baiskeli ya umeme inayokusaidia unapokanyaga pedali, na ikakuachia ukifika kilomita 25 kwa saa, huhesabiwa baiskeli kama nyingine. Pikipiki hairuhusiwi.

Soma tena uone waliotajwa. Sheria haikusema "njia ya baiskeli". Bibi anayetembeza mbwa, mtoto anayejifunza kusimama kwenye viatu vya magurudumu, farasi anayeshtuka upesi, wote wana haki sawa na wewe uliyetoka mbali na mikoba miwili nyuma. Ndiyo maana kengele ni kitu cha lazima Ufaransa, tena sheria inataka isikike umbali wa mita 50. Ipige mapema, punguza mwendo, sema bonjour unapopita. Ukimpita mtu kwa kasi sikioni, umeiharibu njia ile ile uliyoifuata kwa utulivu wake.

Neno hili lina ndugu wawili wanaochanganywa nalo. Piste cyclable ni njia ya baiskeli pekee, iliyotengana na barabara ya magari. Mtembea kwa miguu hana nafasi yake humo kwa kawaida. Véloroute ni kitu kingine kabisa, na hapa msafiri anayetaka kuepuka magari awe macho. Véloroute ni safari ndefu iliyopangwa na kuwekewa vibao toka mwanzo hadi mwisho, ila imeunganishwa kwa vipande vya kila aina: voie verte kidogo, piste kidogo, kisha barabara ya kijijini yenye magari machache. Vélodyssée, inayoshuka pwani ya Atlantiki kutoka Roscoff hadi Hendaye kwa zaidi ya kilomita 1,200, ni véloroute. Ukisikia mtu akiisifu kwamba haina magari, muulize ni kipande gani. Sehemu yake ipitayo katika msitu wa Landes, kusini magharibi mwa nchi, inastahili sifa hiyo kwa kiasi kikubwa, na ndipo ningempeleka mtu nikitaka aielewe dhana hii kwa miguu yake mwenyewe.

Msitu wa Landes una takriban hekta milioni moja, karibu wote misonobari, na umepandwa kwa mikono ya watu. Kabla ya hapo palikuwa na nyika ya majimaji, wachungaji wakitembea juu ya mironjo, magongo marefu yaliyofungwa miguuni, ili waone kondoo wao na wasizame. Mwaka 1857, chini ya Napoléon III, sheria ilizilazimisha serikali za vijiji kuchimba mitaro ya kutoa maji na kupanda miti. Misonobari ikasimama mistari kwa mistari, ikatoa utomvu na mbao, na wachungaji wakapoteza malisho yao. Mwendesha baiskeli huuona mpango huo wazi: mashina yanakupita safu baada ya safu, sawa na mahindi shambani, na njia imenyooka mpaka inakuwa uzi mbele yako.

Chini ya yote hayo kuna mchanga. Ukiteleza ukatoka kwenye lami kwa upana wa kiganja tu, tairi la mbele linazama, usukani unageuka wenyewe na baiskeli yenye mzigo inalala. Njia za wazimamoto zinazokatiza msitu zinavutia kwenye ramani, lakini kwa msafiri mwenye mzigo nyingi ni za kusukuma baiskeli kwa miguu. Kwa hiyo katika Landes njia isiyo na magari lazima pia iwe imejengwa. Swali linalofuata ni nani aliijenga, na jibu lina historia mbili.

Ya kwanza ni reli. Ufaransa ilitandaza reli ndogo nyingi mwishoni mwa karne ya 19, kisha katika karne ya 20 magari na malori yakazinyang'anya abiria na mizigo, zikafungwa moja baada ya nyingine. Reli na mataruma yaling'olewa, tuta likabaki. Tuta la reli ni zawadi kwa baiskeli kwa sababu treni haiwezi mlima mkali: mhandisi aliyeutafutia garimoshi mteremko wa polepole alikuwa anakutafutia wewe pia bila kujua. Njia ya kwanza ya namna hii kupewa jina la voie verte ilifunguliwa Bourgogne, mashariki mwa nchi, mwaka 1997, kati ya Givry na Cluny, kilomita 44. Mwendelezo wake kuelekea Mâcon unapita katika handaki la Bois Clair, lenye urefu wa kilomita 1.6, ambalo hufungwa majira ya baridi ili popo walale humo bila kusumbuliwa. Katika Landes, mfano mzuri ni njia ya Mios hadi Bazas, kilomita 75 hivi, ndani ya msitu karibu muda wote. Stesheni za zamani bado zimesimama kando yake.

Historia ya pili ni ya vita. Pwani ya Médoc, kaskazini kidogo, baadhi ya njia ni vipande vya zege vyembamba vinavyopanda na kushuka juu ya vilima vya mchanga. Jeshi la Ujerumani lilizimwaga wakati wa Vita Kuu ya Pili ili lifike kwenye ngome zake za pwani. Leo familia zinakwenda ufukweni juu ya zege hiyo hiyo. Utaisikia kabla hujaitambua: kila kiungo kati ya kipande na kipande kinagonga tairi, tak, tak, tak, na mizizi ya misonobari imenyanyua baadhi ya ncha zikawa kama vizingiti. Majani yake membamba kama sindano yakirundikana kwenye kona na mvua ikanyesha, hapo breki ya mbele iguswe kwa adabu.

Njia hizi hukatwa na barabara za magari, na katika makutano mengi mwendesha baiskeli ndiye anayesimama. Utaona vigingi viwili au kizuizi cha kukufanya upite upande upande. Baiskeli yenye mikoba mipana au kigari cha mtoto hupenya kwa taabu. Hizo sekunde chache ndizo hatari kubwa ya siku nzima, kwa sababu umeshasahau kwamba magari yapo duniani. Shuka ikibidi. Kuanzia Septemba mpaka Februari kuna pia uwindaji. Ukikuta kibao cha chasse en cours, msako unaendelea karibu, basi usiiache njia kwenda kula mkate chini ya mti. Isitoshe sehemu kubwa ya msitu huu ni mali ya watu binafsi.

Na kuna moto. Julai 2022, moto miwili ya La Teste-de-Buch na Landiras iliteketeza zaidi ya hekta 20,000 katika mkoa wa Gironde. Agosti ule wa Landiras ukawaka upya, ukafika Belin-Béliet na Hostens, vijiji ambavyo njia ya Mios hadi Bazas inapita. Hostens ilikuwa na mgodi wa lignaiti, makaa machanga yaliyo chini ya mchanga, na moto ulibaki ukifukuta ardhini miezi mingi baada ya miali kuzimwa juu. Siku za hatari kubwa, mkuu wa serikali mkoani, préfet, anaweza kufunga msitu kwa amri, na voie verte hufungwa pamoja nao hata kama lami ni nzima na kibao cha buluu kimesimama. Wakati wa kiangazi angalia tangazo la préfecture jioni kabla ya kulala, na uwe na njia ya pili kwenye ramani.