Eti hasara ni ya aliyeuza

Wiki hii nimeisikia mara tano, na leo asubuhi mara ya sita, mzee mmoja ambaye mimi ni wakala wake wa hisa siku nyingi amenipigia kuniambia "kijana, mimi sijapoteza kitu, hasara ni ya aliyeuza." Sasa naandika hapa mara moja, wengine nitakuwa nawatumia linki.

Mzee alinunua hisa 10,000 za Safaricom, ile kampuni ya simu, kwa shilingi 41 kila moja mwaka wa 2021, hiyo ni laki nne na kumi elfu. Mwisho wa 2023 bei ilikuwa karibu 14. Mzee wangu, nenda na hizo hisa uombee mkopo uone kama watakuhesabia laki nne ama laki na arobaini. Pesa ilishaenda, kuuza ni kukubali tu. Na soko halijui ulinunua kwa ngapi, hiyo 41 unaijua wewe na statement yako ya CDS (akaunti inayotunza hisa zako) basi, lakini watu wanakaa miaka wakingoja "irudi bei yangu" kama vile kuna mtu aliwaahidi, na bei ikishuka kutoka 41 hadi 14 lazima ipande karibu mara tatu ndio mrudi pale mlipoanzia. Waulize waliokuwa wanangoja Mumias, kampuni ya sukari, irudi. 2019 ilisimamishwa sokoni, hata ukitaka kuuza hakuna wa kumuuzia.

Kwa hivyo mimi huuliza swali moja tu: kama hungekuwa nayo, na uko na hiyo laki na arobaini cash mkononi, ungeinunua leo? Kama hapana, unaishikia nini?

Sasa hapa ndio mzee alinimaliza. Februari 2024 serikali ilitoa ile bondi ya miundombinu (unaikopesha serikali, inakulipa riba) ya asilimia 18.46 kwa mwaka bila kodi, nikamwambia auze aende huko, akakataa. 2025 Safaricom ikapita 25. Kwa pesa tu, alinishinda, na hanisahaulishi. Lakini alishinda kwa sababu 14 ilikuwa bei ya chini, si kwa sababu ya 41 yake, na hizo ni sababu mbili tofauti kabisa. Nilimuuliza, kama uliiamini hivyo mbona hukuongeza zingine kwa 14? Akaniambia, "niweke pesa kwa hisa inayoshuka, una wazimu?"

Mambo ya kodi nayapita haraka, faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa sokoni hapa Kenya haitozwi kodi, kwa hivyo hicho si kisingizio. Kamisheni yetu sisi mawakala ndio inauma kidogo, najua. Na kuuza baada ya kitabu kufungwa, yaani orodha ya watakaolipwa gawio ikishafungwa, ili ubaki na gawio mara nyingi haikusaidii kitu, bei yenyewe hushuka karibu na kiasi hicho hicho.

Na msidhani mimi najua saa ya kuuza. Zangu za Safaricom za 2008, ilipouzia umma hisa mara ya kwanza, nilizipata kwa 5 kama kila mtu, 2015 nikauza kwa 15 nikajiona bingwa, halafu nikaziangalia zikienda mpaka 40. Kwa swali langu mwenyewe niliuza sawa, 15 nisingenunua. Bado iliniuma. Siku hizi nikiwa sijui nauza nusu, na hakuna hesabu yoyote hapo, ni usingizi tu natafuta.

Mzee amesema ikifika 41 nimpigie.