Pesa za anga na mikoko ya Tudor

Ukisema pesa za kwenda mwezini zingeleta maji Kisauni, hapa Mombasa, swali la kwanza ni pesa za nani. Bajeti ya NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 2023 ilikuwa dola bilioni 25 na ushei, kama asilimia 0.4 ya matumizi ya serikali ya Marekani. Ikifutwa kesho, hakuna senti itakayoteremshwa bandarini Kilindini. Maji yetu hutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na yanapotea kwenye mabomba yanayovuja. Roketi haihusiki.

Sitetei kila kitu. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA alikadiria kwamba kurusha mara moja roketi ya mwezini ya SLS na chombo cha Orion kinachobeba wanaanga kungekula dola bilioni 4.1. Kwangu hiyo ni fahari ya taifa zaidi ya sayansi, na anayeipinga ana hoja. Ila watu hulitia kapu moja fungu hilo na fungu la setilaiti zinazoitazama dunia, na hapo ndipo mjadala unapoharibika. Fungu hili la pili tunalila bure. Picha ya Landsat 7, setilaiti ya Marekani, ilikuwa ikiuzwa dola 600. Tangu 2008 picha zote za Landsat hazilipiwi. Za Sentinel-2, setilaiti za Umoja wa Ulaya, hazijawahi kulipiwa.

Basi swali linalotuhusu Mombasa ni kama tunajua kuzitumia. Chukua mikoko ya hori (mkono wa bahari) ya Tudor, upande wa Mikindani na Jomvu, ambako watu hubishana kila mwaka kama inaisha au inarudi.

Sentinel-2 hupita juu yetu saa tano kasorobo hivi asubuhi. Pwani yetu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji hupwa karibu saa hizohizo, kwa hiyo picha za bamvua huonyesha tope tupu, na za maji mafu, siku yanapojaa na kupwa kidogo, huonyesha tope lililofunikwa. Ukilinganisha picha ya bamvua ya mwaka jana na ya maji mafu ya mwaka huu, ukingo wote wa mikoko utaonekana umehama ilhali hakuna mti uliokatwa. Fungua jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kuchagua tarehe. Chagua Januari au Februari, wakati wa kaskazi, mawingu yakiwa machache.

Chagua faili za daraja la L2A, ambazo athari ya hewa imeshaondolewa. Usipakue picha nzima, ni kama gigabaiti moja. Kata eneo lako kwenye Copernicus Browser, tovuti ya picha hizo. Kisha kokotoa NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea: bendi ya 8 (mwanga wa infraredi) toa bendi ya 4 (mwanga mwekundu), gawanya kwa jumla ya bendi hizo mbili. Mikoko iliyofunga huvuka 0.6, tope hukaribia sifuri, maji huenda hasi.

Sasa mtego unaowanasa wengi wanaopakua faili nzima. Faili zilizochakatwa kwa mfumo ulioanza tarehe 25 Januari 2022 zina 1000 iliyoongezwa kwenye kila thamani. Tuseme bendi ya 8 ni 3000 na bendi ya 4 ni 300: NDVI ni 0.82. Usipoitoa ile 1000, utasoma 4000 na 1300, na jibu linashuka hadi 0.51. Mkoko uleule, wenye afya ileile, na wewe unaandika ripoti kwamba unakauka! Tazama mstari wa BOA_ADD_OFFSET katika faili la maelezo. Ukiuona, toa kwanza ndipo ugawanye.

Kwa historia ya nyuma, Landsat 5 inakurudisha hadi 1984. Ndiyo inayofaa kwa hori ya Mwache, ambako mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi ukafukia mizizi ya kupumulia na miti ikafa. Lakini pikseli ya Landsat, yaani nukta moja ya picha, ni mita 30 na ya Sentinel-2 ni mita 10 kila upande, kwa hiyo tisa za Sentinel-2 huingia ndani ya moja ya Landsat. Ukizichanganya bila kuzipima upya kwa kipimo kimoja, ukingo pekee utakupa hekta za uongo.

Taifa-1, setilaiti yetu ya Kenya, iliyorushwa Aprili 2023 kwa takriban shilingi milioni 50, ilikuwa ya kuwafunza wahandisi, na kwa lengo hilo siioni ghali. Kwa kazi hii ya mikoko haihitajiki.

Kuna kitu hakuna setilaiti ya bure itakayokuonyesha. Mkata miti anayechagua miti ya kujengea, mazio na boriti, huku na huko huacha majani ya juu yakiwa yamefunga, na pikseli ya mita 10 itaendelea kusoma msitu mzima. Msitu huo unaweza kukonda miaka kadhaa NDVI ikiwa palepale. Dawa yake ni viwanja vya mita 10 kwa 10 vilivyopangwa kulingana na pikseli, mtu mwenye mabuti na futi ya kupimia, kuhesabu visiki vipya na kuandika kipenyo na jina la aina: mkoko, mkandaa, mchu. Kazi hiyo inahitaji mashua, mafuta na posho ya watu wanne, na nimeona miradi iliyolipia mafunzo ya setilaiti hotelini wiki nzima ikakosa fungu la mashua.