Uliihama MySQL kwa sababu ya alama mbili za nukuu

Wiki jana ilikuwa mara ya tatu mwaka huu. Niko kwa kibanda fulani karibu na Kibuye nangoja ngege yangu itoke kwa mafuta, simu inaita, ni kijana mmoja developa tunajuana, na kabla hata hajanisalimia vizuri ananiambia, "Omera, tulihama ile MySQL, ilikuwa nzito sana, tukaenda Postgres ikapaa, sasa hata Postgres imeanza kuwa nzito, tuhamie gani?"

MySQL na Postgres ni databesi, yaani programu za kutunza rekodi kwa majedwali. Nikamwambia anitumie bakapu ya zamani ya MySQL na ya sasa ya Postgres, zote mbili, halafu nikakata simu nikala samaki wangu polepole kwa sababu nilijua usiku utakuwa mrefu.

Niseme mapema ili tusikosane. Postgres naipenda. MySQL pia imenilisha. Kitu sipendi ni hii hadithi inayozunguka kila grupu la madevelopa huku Kisumu, ati MySQL ni nzito, ukihama mambo yanapona. MySQL imekuwa hapa tangu 1995. Postgres mizizi yake ni Berkeley, 1986. Huyo kijana alizaliwa 2001. Kama mojawapo ingekuwa haiwezi kutafuta nambari moja ya simu ndani ya jedwali, si angekuwa yeye wa kugundua siku ya Jumamosi.

Sasa kesi yenyewe. Ni sacco ya watu wa boda. Jedwali la malipo liko na rekodi karibu milioni 1.9, si nyingi, databesi zote mbili zinaweza kubeba hiyo zikiwa zimelala. Mtu akilipa kwa simu, mfumo unatafuta malipo yake ya nyuma kwa nambari ya simu, unahesabu, unatuma risiti. Kuanzia mwezi wa sita kutafuta huko kukawa kunachukua sekunde nne, malipo yakija kwa wingi jioni yanapangana foleni, risiti haiji, mtu anadhani pesa haijaingia analipa tena, na mwenyekiti ako kwa simu anauliza kama hii kompyuta imerogwa. Kijana akafanya yale kila mtu hufanya: akaongeza RAM, akaristati, akaristati tena, akasoma mahali kwamba Postgres ndiyo ya watu wazima, akatoa wikendi nzima akahama. Jumatatu ikapaa. Akatangaza kwa grupu.

Nikarudisha ile bakapu ya MySQL kwa laptopu yangu. Kolamu ya simu ni VARCHAR(15), yaani maandishi, na iko na indeksi, ile orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka, tena aliiweka mwenyewe, hapo simlaumu. Lakini ujumbe wa malipo unafika ukiwa umebeba simu kama nambari tupu, na yeye alikuwa anaibandika vivyo hivyo ndani ya kwiri, lile swali databesi inaulizwa:

SELECT * FROM malipo WHERE simu = 254700000000;

Ndiyo, alikuwa anaunganisha vipande vya kwiri kwa nukta za PHP, lugha aliyoandikia mfumo, kama mabehewa. Hiyo ni kesi nyingine, tutakutana nayo siku nyingine nikiwa nimeshiba zaidi.

Nikaweka EXPLAIN mbele, amri inayofanya databesi iseme itatafuta vipi. possible_keys: idx_simu. key: NULL. type: ALL. rows: 1893204. Hebu soma hiyo mstari kwa mstari, usiruke. MySQL inakuambia indeksi inaiona, inaitambua kwa jina, lakini haiwezi kuitumia kwa hivyo inaenda kusoma jedwali lote. Nikaweka alama za nukuu, '254700000000', nikarudia. type: ref. key: idx_simu. rows: 14. Kutoka sekunde 3.9 hadi chini ya milisekunde moja. Laptopu ni ileile, MySQL ni ileile, na chai yangu ilikuwa bado moto.

Watu wakifika hapa wananiambia, "aah, kumbe MySQL ina bagi." Haina. Fikiria daftari la madeni la mwenye duka, amelipanga kwa herufi jinsi zilivyoandikwa. Ukimwambia nitafutie palipoandikwa "700" anafungua palepale. Ukimwambia nitafutie kila mahali pesa ni mia saba, iwe imeandikwa 700, au 0700, au "700/=", au imeanza na nafasi tupu, atafanya nini? Atasoma daftari lote, hana njia. Hivyo ndivyo MySQL inafanya ukiipa kolamu ya maandishi ulinganishe na nambari: inageuza kila kilichoandikwa kuwa nambari yenye desimali halafu ndiyo inalinganisha, na '700', '0700' na '700/=' zote zinageuka kuwa 700. Indeksi imepangwa kwa maandishi, '0700' iko mbali kabisa na '700', kwa hivyo haina faida. Kinyume chake hakina shida, kolamu ikiwa BIGINT, yaani nambari, na wewe ukaandika '254700000000' kwa nukuu, inageuza hiyo thamani yako moja tu na indeksi inatumika. Watu huchanganya hizi mbili kila siku, halafu wanabishana na mimi.

Na uzito ndio sehemu nafuu. Ile nambari ya desimali inaweza kushika tarakimu kama 15 hivi sawasawa. Ukiwa na kolamu ya maandishi iliyobeba nambari za marejeo za tarakimu 18 na ukalinganisha bila nukuu, nambari mbili tofauti zinaweza kuonekana sawa, unapata rekodi ya mtu mwingine, na hakuna kosa linalotokea mahali popote. Hiyo ndiyo inaninyima usingizi, si sekunde nne.

Sasa twende Postgres uone jinsi sifa zilivyoenda kwa asiyestahili. Kwiri ileile, bila nukuu, Postgres ilikataa katakata: "operator does not exist: character varying = bigint". Tangu toleo la 8.3, mwaka 2008, iliacha huo wema wa kugeuza nambari kuwa maandishi kimyakimya. Kijana akakasirika, akaweka nukuu ili iache kelele, ikapaa, akasema Postgres ina mbio. Omera! Ulitibu ugonjwa mwenyewe halafu ukampa sifa nesi.

Ni kweli Postgres inastahili sifa hapa, lakini ni sifa ya ukaidi. Ilikulazimisha useme unamaanisha nini. Mimi siku hizi nikianza mradi mpya sababu kubwa ya kuichukua ni hiyo tu, inanigombeza mapema, kabla mwenyekiti hajanigombeza.

Kabla sijasahau, kijana atauliza mbona miaka miwili ya kwanza kwiri hiyo haikusumbua. Kwa sababu jedwali lilikuwa dogo. Kusoma rekodi elfu arobaini zote zikiwa kwa memori hakuna mtu atahisi. innodb_buffer_pool_size, ile memori MySQL inashikia data (buffer pool), ukiiacha ilivyokuja ni megabaiti 128, na hapo ndipo ilikuwa imeachwa, hata zile RAM alinunua MySQL haikujua ziko. Jedwali lilipozidi hapo kila utafutaji ukaanza kwenda kwa diski. Kosa lilikuwepo tangu siku ya kwanza, lilikuwa linanenepa tu.

Halafu, mbona Postgres nayo ikawa nzito? Hii ndiyo naipenda. Aliunda majedwali upya kwa maigresheni za Laravel, faili za kuunda majedwali za zana yake ya PHP, zilezile, akabadilisha jina la databesi kwa faili ya mipangilio, akamwaga data. Malipo yana mwanachama_id inayoelekea kwa wanachama, foreni kii ya kawaida. Kwa InnoDB, injini ya MySQL inayotunza data, ukitangaza foreni kii inatengenezewa indeksi bila wewe kuomba. Postgres haitengenezi. Inakupa indeksi ya praimari kii na ya yuniki basi, upande unaorejelea ni shauri yako. Kwa hivyo alihama na nyumba akaacha milango. Kila taarifa ya mwanachama, Seq Scan, yaani jedwali lote linasomwa. Na walipoamua kufuta wanachama kama mia tatu waliotoroka, kwa kila mmoja Postgres ilibidi isome jedwali lote la malipo ihakikishe hakuna rekodi inayomrejelea. Mara mia tatu. Nikaandika CREATE INDEX CONCURRENTLY ili wenye kulipa wasizuiwe wakati inajengwa, nikaenda kupiga mswaki, nikarudi ikawa imeisha.

Lingine dogo la huko kuhama: karani alikuwa analalamika wanachama wamepotea. Hawajapotea. MySQL kwa koleshoni yake ya kawaida, ile kanuni ya kulinganisha herufi, haijali herufi kubwa na ndogo, ukitafuta "otieno" unapata OTIENO na Otieno. Postgres inajali. Kuna ILIKE inayotafuta bila kujali ukubwa wa herufi, kuna indeksi juu ya lower(jina), chagua. Lakini kama huna habari unamwambia mama wa watu kwamba mwanawe hajawahi kuweka hata shilingi.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu nimechoka kuyarudia. "Too many connections" kwa MySQL na "sorry, too many clients already" kwa Postgres ni ndugu, kawaida ni 151 kwa moja na 100 kwa nyingine, na dawa yake ni mara chache iwe kuongeza hiyo nambari. Postgres inafungua prosesi nzima kwa kila koneksheni, kwa seva ya RAM gigabaiti 2 utaiua, weka PgBouncer, inayofanya wengi watumie koneksheni chache kwa zamu. "MySQL server has gone away" mara nyingi haijaenda popote, koneksheni yako ilikaa bure ikapitisha wait_timeout, sekunde 28800, ndiyo maana inatokea asubuhi. Emoji zikikataa kuingia ni kwa sababu utf8 ya MySQL ya zamani ni baiti tatu, tumia utf8mb4. Na MariaDB si MySQL yenye jina lingine, walitengana 2009, ukitoa dampu MySQL 8 ukaipeleka kwa hosti ya bei nafuu yenye MariaDB ya zamani utakutana na koleshoni ya utf8mb4_0900_ai_ci ikikuambia haijulikani hapa.

WHERE DATE(tarehe) = '2025-06-01' ni ugonjwa uleule wa nukuu, na huu unaua databesi zote mbili sawasawa, umefunga kolamu ndani ya fankisheni na indeksi ya tarehe haioni ndani. Andika kuanzia tarehe fulani hadi kabla ya inayofuata. Nimesema hii mara ngapi kwa grupu.

Sasa yale vitabu havisemi. Ile ati buffer pool iwe asilimia 70 ya RAM, mimi pia nimekuwa nikiiweka kwa mazoea, sijawahi kukaa chini nipime kama 60 ni mbaya. Tena ushauri huo ni wa seva ambayo MySQL inaishi peke yake, na seva zetu nyingi MySQL inakaa chumba kimoja na PHP, na mara moja niliweka 70 usiku nikaamka nikakuta mfumo wa uendeshaji umeiua kwa kukosa memori. Mimi mwenyewe, mtaalamu.

Na kuna siku kwiri iliyokuwa sawa jana leo inachagua indeksi ya kijinga, naandika ANALYZE TABLE, amri ya kukadiria takwimu za jedwali upya, inapona, mteja ananiita daktari. Ukweli ni kwamba InnoDB inakadiria takwimu zake kwa kuchungulia kurasa 20 tu za indeksi usipoiambia zaidi, na wakati mwingine inachungulia zile mbaya. Nikikuambia nilijua ni hilo kabla sijabonyeza nitakuwa nadanganya. Nilibonyeza kwanza, maelezo nikatunga baadaye.

Kulinganisha, basi, kwa kuwa najua mtauliza ipi bora. Postgres inakuruhusu kubadilisha muundo wa jedwali ndani ya transaksheni, kundi la hatua zinazopita zote au hakuna hata moja, stima ikipotea katikati unarudi ulikokuwa. MySQL inakomiti kila ALTER papo hapo, na kama maigresheni yako ilikuwa na hatua tano na stima ikapotea ya tatu, unabaki na nyumba nusu, nimelala ofisini kwa sababu hiyo. Lakini jedwali linalobadilishwa kila sekunde, kama lile la mahali pikipiki ilipo, kwa Postgres linaacha rekodi mfu kila ukiandika, VACUUM inazisafisha, na kama kuna koneksheni iliyo "idle in transaction" tangu jana mchana, usafi hausongi na jedwali linavimba. MySQL nayo ina uchafu wake, inauficha kwa undo, ile akiba ya data ya zamani, na transaksheni iliyosahaulika inauvimbisha vilevile. COUNT(*) ya jedwali lote ni nzito kwa zote, acheni kuniuliza.

Sacco imebaki Postgres. Nilimwambia kijana asirudi, kuhama mara mbili ndani ya miezi miwili ni kutafuta kupoteza data.

Ukiwa na yako nzito, nitumie vitu vitatu: kwiri yenyewe, EXPLAIN yake, na SHOW CREATE TABLE, au \d kama ni Postgres. Kama hujui ni kwiri gani washa slow_query_log ya MySQL, inayoandika kwiri nzito, na ushushe long_query_time kwa sababu ikija ni sekunde 10 na mtu wa boda hangoji sekunde 10. Ile picha ya kaduara kanazunguka kwa skrini usinitumie, nimeshaiona.