Maana ya kumtambua na kumwekea alama samaki aina ya muski

Kumwekea samaki alama ni kumpa kitambulisho kinachodumu mwilini mwake na kumrudisha majini akiwa hai, ili siku atakaponaswa tena, hata na mtu mwingine na mahali pengine, ijulikane kwamba ni yuleyule. Kazi hii hutanguliwa na nyingine ambayo watu wengi huidharau, nayo ni kumtambua, yaani kuwa na hakika kwamba samaki aliye mkononi ni wa spishi gani. Makala hii inaeleza dhana hizo mbili kupitia muskelunji, ambaye wavuvi humwita muski kwa ufupi, samaki mkubwa wa maji baridi ya Amerika Kaskazini anayeishi kwa kula samaki wenzake.

Muski, ambaye jina lake la kisayansi ni Esox masquinongy, hupatikana katika Maziwa Makuu ya Marekani na Kanada, mto St. Lawrence, sehemu za juu za mto Mississippi na bonde la mto Ohio, na katika jimbo la Wisconsin ndiye samaki rasmi wa jimbo tangu mwaka 1955. Wavuvi wa ndoana humwita samaki wa mirusho elfu kumi kwa jinsi alivyo mgumu kupatikana, na sifa hiyo haikutiwa chumvi sana, kwa kuwa katika maziwa mengi wastani wa muski wazima haufiki hata mmoja kwa ekari ya maji. Uchache huo ndio unaolipa suala la alama uzito wake, maana pale samaki walipo haba, kila anayenaswa hubeba habari ambazo si rahisi kuzipata kwa njia nyingine.

Anayechanganywa naye mara nyingi ni paiki wa kaskazini, ndugu yake wa jenasi moja, ambaye huishi naye katika maziwa yaleyale na ana mwili mrefu na mdomo bapa kama wake. Mvuvi mzoefu huanza na rangi. Paiki ana madoa meupe juu ya mwili wa kijani kibichi kilichokolea, ilhali muski ana madoa au michirizi ya giza juu ya mwili mweupe zaidi, na wengine hawana madoa kabisa. Rangi, hata hivyo, hubadilika kulingana na maji na umri, kwa hiyo si shahidi wa kutegemewa peke yake. Mkia wa muski una ncha zilizochongoka na wa paiki una ncha za mviringo. Magamba ya paiki hufunika shavu lote, lakini kwa muski huishia nusu ya juu. Ushahidi wenye nguvu kuliko wote uko chini ya taya, ambako kuna vitundu vidogo vya hisia: muski huwa na vitundu sita hadi tisa kila upande, na paiki huwa na vitano au pungufu. Kuvihesabu huchukua sekunde chache tu, na sioni sababu ya mvuvi yeyote kuacha kufanya hivyo.

Yupo pia chotara wa hao wawili, ambaye wavuvi wa huko humwita chui milia kwa sababu ya michirizi yake iliyosimama, na ambaye kwa kawaida hazai. Michirizi yake humvuta upande wa muski na ncha za mkia humvuta upande wa paiki, hivyo anayeangalia dalili moja tu atakosea. Jinsia nayo inaweza kujulikana bila kumpasua samaki, kwa kuangalia tundu la uzazi tumboni, ambalo kwa dume lina umbo la tundu la ufunguo na kwa jike lina umbo la tunda la pea. Jambo hili lina maana kwa kuwa majike ndio wanaokua zaidi, na karibu samaki wote wakubwa mno wanaopigwa picha ni majike.

Alama zenyewe ni za namna kadhaa. Ya zamani na rahisi ni kukata sehemu ya pezi, jambo linaloonyesha kundi la samaki, kwa mfano vifaranga wote waliopandikizwa mwaka fulani, bila kumtambulisha mmoja mmoja, na pezi likikatwa kwa juu tu huweza kuota tena. Ya pili ni kijiuzi cha plastiki chenye namba, ambacho hudungwa chini ya pezi la mgongoni, na ncha yake yenye umbo la herufi T hunasa kati ya mifupa inayolibeba pezi hilo. Ya tatu ni chipu iliyofungwa ndani ya kioo, yenye urefu wa milimita 12 hadi 23, ambayo haina betri na hutoa namba yake pale tu kifaa cha kusomea kinapopitishwa karibu nayo. Wafugaji wa Tanzania wanaozijua hereni za kielektroniki za ng'ombe hawataona ugeni hapa, isipokuwa kwamba chipu ya samaki hukaa ndani ya nyama na haionekani kwa macho. Kijiuzi huweza kung'oka au kufunikwa na mwani, lakini chipu huweza kudumu maisha yote ya samaki, na muski huweza kuishi hadi karibu miaka 30.

Faida ya alama haipatikani siku inapowekwa. Watafiti huwanasa muski kwa mitego ya nyavu majira ya kuchipua, wanaposogea kwenye maji ya kina kifupi kutaga mayai, huwawekea alama na kuwaachia, kisha hurudi baadaye kuwanasa tena. Tuchukue mfano wa kubuni: samaki 100 wamewekewa alama, na katika uvuvi wa pili wamenaswa 80, ambao 20 kati yao wana alama. Robo ya walionaswa wana alama, kwa hiyo inakadiriwa kwamba wale 100 ni robo ya samaki wote, yaani ziwa lina muski 400.

Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini udhaifu wake unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu makosa mengi ya kawaida huielekeza upande mmoja. Alama zikidondoka, wanaoonekana nazo watapungua hadi labda 10, na makadirio yatapanda hadi 800. Paiki wakiandikwa kimakosa kuwa ni muski, idadi ya wasio na alama itaongezeka na makadirio yatapanda vilevile. Mvuvi akinasa samaki mwenye namba na kunyamaza, huku akiripoti wengine, matokeo ni hayohayo. Katika hali zote tatu, ziwa litadhaniwa kuwa na samaki wengi kuliko waliomo. Ndiyo maana utambuzi ni sehemu ya hesabu yenyewe, na ndiyo maana watafiti waangalifu humwekea samaki alama mbili kwa pamoja, ili wajue ni kiasi gani cha alama kinachopotea.

Zaidi ya idadi, alama hufichua ukuaji, umri na asili. Jimbo la Minnesota nchini Marekani lilipandikiza kwa miaka mingi muski wa ukoo wa Ziwa Shoepac, ambao ni wafupi kwa maumbile, kabla ya kuhamia ukoo wa Ziwa Leech katika miaka ya 1980, baada ya kuonekana kwamba huo wa pili hukua zaidi. Kulinganisha koo mbili ndani ya ziwa moja kunawezekana tu iwapo kila ukoo una alama yake. Leo kipimo cha chini cha muski anayeruhusiwa kuchukuliwa katika sehemu kubwa ya jimbo hilo ni inchi 54, yaani sentimita 137 hivi.

Mvuvi wa kawaida hapaswi kumwekea muski alama kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa kazi hiyo huhitaji kibali cha mamlaka ya uvuvi. Wajibu wake ni kumweka samaki ndani ya wavu mpana uliozama majini, kung'oa au kukata ndoana kwa koleo ndefu, kukisugua kijiuzi kwa kidole ili namba isomeke, kuipiga picha, na kupima urefu kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Kisha huandika tarehe, mahali na kama samaki aliachiwa. Kijiuzi hakikatwi kwa samaki anayerudishwa, hata kama kinaonekana kumkera, kwa sababu akishaondolewa namba atahesabiwa kama mgeni atakaponaswa tena.