"Imetoka kwenye jarida kubwa": tunayoyakosea kuhusu uchapishaji wa tafiti za tiba

Tarehe 22 Mei 2020, wakati wa korona, jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha makala iliyosema kwamba haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini chungu ya malaria, haiwasaidii wagonjwa wa korona na huenda inaongeza vifo. Idadi zake zilitosha kumnyamazisha yeyote: wagonjwa 96,032, hospitali 671, mabara sita. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likasitisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Tarehe 4 Juni makala ikaondolewa.

"Ikishachapishwa na jarida kubwa, ujue imehakikiwa."

Wahakiki, yaani wataalamu wanaoombwa na jarida kuipima makala kabla haijachapishwa, huletewa maandishi, majedwali na grafu. Hawaendi hospitalini kufungua mafaili, na mara nyingi takwimu ghafi hawazioni kabisa. Kazi yao, ambayo kwa kawaida hawalipwi, ni kuuliza kama mbinu inafaa na kama hitimisho linatokana na kilichooneshwa. Aliyeamua kutunga wagonjwa anaweza kuwapita.

Walioshtuka ni wasomaji. Vifo vilivyotajwa kwa Australia vilikuwa 73, ilhali takwimu rasmi za nchi hiyo kufikia tarehe ileile zilionesha 67. Kwa Afrika mambo yalikuwa mabaya zaidi. Watafiti walioandika barua ya wazi walipiga hesabu wakakuta kwamba, kwa mujibu wa makala, karibu robo ya wagonjwa wote wa korona barani na asilimia 40 ya vifo vilitokea katika hospitali za mtandao mmoja tu uliotoa takwimu za makala, zenye mafaili ya kielektroniki na mashine za kunasa hitilafu ya mapigo ya moyo ya sekunde sita. Muuguzi yeyote wa wodi zetu, ambako jalada la mgonjwa ni karatasi na mashine ya kupima moyo huazimwa wodi ya jirani, angeguna.

"Aliyeleta takwimu mbovu ni mmoja, wenzake hawahusiki."

Takwimu zile zilitoka kwa Surgisphere, kampuni iliyoanzishwa na mmoja wa waandishi wanne. Wakaguzi huru walipotaka kuziona, kampuni ikakataa kwa hoja ya mikataba na usiri wa wateja. Hapo waandishi watatu wengine wakaomba makala iondolewe. Walifanya vyema, lakini walikuwa wameshasaini kitu wasichokiona.

Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inataka mambo manne kwa anayeitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika wazo, takwimu au uchambuzi, ameandika rasimu au kuipitia kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na amekubali kuwajibika kwa kazi yote. Yanahitajika yote manne. Kwa hiyo mkuu wa idara anayewekwa kwenye orodha kwa sababu "ndiye mzee wetu" si mwandishi. Mahali pake ni kwenye shukrani, kama kuna alichosaidia. Najua kumwambia hivyo profesa anayekusainia tasnifu si jambo rahisi. Upande wa pili yupo kijana aliyezunguka vijijini na dodoso akaishia kulipwa nauli tu: kamati hiyohiyo inasema aliyetoa mchango mzito wa kukusanya takwimu apewe nafasi ya kushiriki kuandika. Huyu hatetewi sana.

"Makala ikiondolewa, madhara yamekwisha."

Daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha mwaka 1998, katika jarida lilelile, makala ya watoto 12 iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inaleta usonji. Hakueleza kwamba alikuwa akilipwa na mawakili waliojiandaa kuwashtaki watengenezaji wa chanjo. Mwaka 2004 wenzake 10 walijitenga na tafsiri ile. Makala yenyewe iliondolewa Februari 2010, miaka 12 baadaye, na mwaka huohuo akafutwa kwenye rejesta ya madaktari Uingereza. Baraza la madaktari la nchi hiyo lilikuta pia kwamba aliwatoa damu watoto kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe na kuwapa pauni 5 kila mmoja. Hofu ya chanjo bado inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hadi leo.

"Dawa isipofanya kazi, hakuna cha kuchapisha."

Kipo. Azimio la Helsinki, tamko la kimataifa la maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, linataka matokeo yote yatolewe, mazuri na mabaya. Ndiyo maana tangu 2005 wahariri wa kamati ile wanadai jaribio lisajiliwe kabla mgonjwa wa kwanza hajaingizwa, ili lisije likapotelea kabatini.

"Nimeziba macho kwenye picha kwa utepe mweusi, mgonjwa hatambuliki."

Miongozo ya kamati ile inasema wazi kwamba kuziba macho hakutoshi. Kovu, hirizi ya shingoni au jina la kijiji kidogo vinatosha kwa jirani kumjua. Ridhaa ya kupasuliwa nayo si ridhaa ya kuchapishwa. Inahitajika nyingine, ya maandishi, na mgonjwa anayeweza kutambulika aoneshwe makala kabla haijatoka. Kama hasomi Kiingereza, asomewe kwa lugha anayoielewa, na akikataa, picha isitumike.